Mguu wa Mama na Kopo la Vidonge

Dokta ameniambia nikae. Nikae! Mimi! Mtu yeyote wa mtaa wetu wa Mikelenge anayenifahamu akisikia neno hilo atacheka mpaka ashike mbavu. Miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi hapa Kindu, watu hawakuniona juu ya kiti ila msibani, na hata msibani nilikuwa nainuka kila mara kwenda kuangalia kama maji ya kunywa yamechemshwa. Sasa nimewekwa kwenye kiti cha mianzi mbele ya mlango wangu, mguu wa kulia umelazwa juu ya kigoda, umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Naambiwa nisiukanyagie. Nikiukanyagia, wataukata.

Nina ugonjwa wa sukari, sifichi. Kiatu kilinichubua kidole, nikadharau, nikaendelea na safari zangu, kidonda kikachimba ndani. Nilikunywa vile vidonge vya rangi mbili ambavyo kila mtu hapa anavijua, dozi nzima, kwa saa zake, kama nilivyowafundisha wengine. Wapi! Usaha wangu ukapandishwa ndege kwenda kwenye maabara ya mji mkubwa, nami sijawahi kupanda ndege, na jibu likarudi kwamba mikrobi, vile vijidudu vya kidonda changu, haivisikii vidonge hivyo tena. Imevizoea. Imebaki sindano moja ya kuisumbua, na dokta aliitafuta kwa shida.

"Sindano ni nusu ya kazi, mama," aliniambia. Dokta wetu ni kijana mpole, anazungumza nami taratibu kana kwamba nitavunjika. "Nusu nyingine ni usafi, na wewe kutulia."

Nilimuuliza kwa nini mikrobi imezoea. Akaanza kunieleza vizuri, na mimi nikamkatiza, maana jibu nilikuwa nalo. Nilikuwepo hapa Kindu mikrobi na vidonge vilipokuwa vinazoeana.

Basi nimekaa. Nagombana na kuku, nagombana na jua likinifuata kwenye kivuli, nagombana na binti yangu kwa jinsi anavyofagia. Mguu unaniwasha ndani ya bendeji na siwezi kuukuna. Kwa kuwa miguu imekatazwa kutembea, kichwa ndicho kinachotembea, na kila kikitoka kinakwenda mahali pamoja: nyumbani kwa mama yangu, miaka ya vita, kwenye mguu mwingine.

Wakati ule mji ulikuwa umefungwa. Treni ilikuwa haiji, boti ilikuwa haipandi mto. Nje ya mji walikuwepo watu wa bunduki, ndani ya mji walikuwepo watu wengine wa bunduki, na sisi tulikuwa katikati na njaa yetu. Chumvi ilikuwa kitu cha kusimuliana. Sabuni tulipika wenyewe kwa mawese na maji ya majivu, ikatoka nyeusi na harufu yake mbaya, lakini ilitoa povu, na mimi sikutaka zaidi ya povu.

Hospitalini glavu tulizifua. Tulizianika uani kwenye kamba, vidole vikitazama chini, zikikauka tunazipuliza moja moja kuona kama zimetoboka. Isiyo na tundu iliwekwa kwa ajili ya upasuaji, yenye tundu ilipelekwa kusafishia vyoo. Sindano zilichemshwa kwenye sufuria kama mayai. Maji ya klorini ya kunawia tuliyazimua kila juma ili yafike juma lijalo, mwishowe yakabaki maji matupu yenye harufu ya zamani.

Na mlangoni mwa wodi palikuwa na beseni moja. Moja, kwa mikono yote! Anayeingia anachovya, anayetoka anachovya, aliyetoka kushika usaha wa askari anachovya na anajisikia msafi. Watu walilipenda lile beseni kwa sababu lilifanana na la nyumbani, lile linalozungushwa kabla ya kula, mukubwa ananawa kwanza na wadogo wanafuata ndani ya maji yale yale. Mimi nililimwaga kila nilipopita. Nikachukua kopo, nikalitoboa chini kwa msumari, nikalitundika: maji yamiminike juu ya mikono, mikono isichovye. Wakubwa wangu walisema nina kichwa kigumu. Ninacho, namshukuru Mungu, kama kingekuwa laini ningekwisha kufa.

Mama yangu hakuwa na kichwa kigumu. Alikuwa na kitu kibaya zaidi, alikuwa na adabu. Mama alikuwa mungwana, na neno hilo kwetu Maniema si la mchezo. Wazee wake walitoka Kasongo, watu wa kuswali na wa kanzu, watu waliojua kupokea mtu. Nyumbani kwake mgeni hakutoka mikono mitupu. Hata jirani aliyekuja kuomba moto alirudi na moto pamoja na kiganja cha karanga. "Mugeni akitoka kwako mikono mitupu," alikuwa akisema, "wewe mwenye nyumba njo umetoka uchi." Nimekua nikiona karanga zetu zikiondoka ndani ya vikwembe vya watu, zile nguo za kujifunga, na sisi tunakula sombe, majani ya mihogo, bila karanga.

Siku moja alikwenda kuchimba mihogo kwenye shamba lake, risasi zikaanza, akakimbia. Kisiki cha mwanzi kikampasua unyayo. Alifika nyumbani amebeba mihogo yake, damu inamfuata nyuma, na akaniambia nisipige kelele kwa sababu ya kitu kidogo.

Kitu kidogo! Mguu ulivimba mpaka ngozi ikawa inang'aa. Daktari aliyekuwa amebaki hospitalini, mzee mmoja aliyechoka sana, aliubonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale. Akasema mbele yetu sote wawili: "Dawa ikipatikana sasa na akaimaliza, mguu utabaki. Isipopatikana, tutakata kabla uozo haujapanda juu." Bohari ya dawa ya hospitali ilikuwa kufuli kubwa mlangoni mwa chumba kitupu. Vitandani majeruhi walikuwa wamelala wawili wawili. Nikamrudisha mama nyumbani.

Nikasikia kuna mchuuzi ameingia kutoka upande wa Punia, amesukuma mizigo yake msituni, na ana vidonge vya rangi mbili. Nilimkuta karibu na soko amekaa juu ya gunia. Alikuwa navyo kweli, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Hakutaka noti, noti zilikuwa za kufungia karanga. Aliangalia baiskeli yangu.

Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa mali yangu peke yake duniani. Nilikuwa naipanda kutoka Mikelenge mpaka kazini nikipiga kengele hata pasipokuwa na mtu wa kumpigia. Mchuuzi akaiangalia, nami nikaiangalia, nikampa usukani mkononi. Tangu siku ile natembea. Watu wanafikiri kutembea kwangu ni tabia, kumbe ni bei ya dawa.

Nikamwekea mama kopo karibu na kitanda. Nikamwambia asubuhi, mchana, jioni, mpaka kopo liwe tupu. "Kopo likiisha mguu umepona, mama. Hakuna mtu wa kuligusa." Akaniitikia vizuri, "Ndiyo, mwanangu," kwa sauti yake ya kupokelea wageni.

Mwanzoni tuliona heri. Uvimbe ulishuka, mama akapata usingizi, nikawa naenda kazini nikiimba peke yangu njiani. Halafu uvimbe ukarudi. Nilishindwa kuelewa. Nikaongeza kuosha kidonda, nikachemsha vitambaa mpaka vikachanika, na mguu ukaendelea kubadilika rangi. Na katika siku zile zile watu wakaanza kunishukuru barabarani.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja katekista, mtu wa kanisa, jirani yetu. Alinionyesha kidole chake cha mguu kilichokuwa na jeraha. Alikuwa amepasua kidonge, akanyunyiza unga wake juu ya jeraha kama mtu anayetia chumvi kwenye samaki. "Aksanti sana, muganga," akasema, maana kwetu hata muuguzi huitwa muganga. "Mama yako iko na moyo." Nilimpita bila kuelewa. Mbele kidogo nikamkuta mwanamke wa kwenye kinu cha kusagia mihogo, naye akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Aksanti kwa dawa. Kuku yangu ilikuwa inalala kichwa chini. Nikaipasulia kidonge ndani ya maji. Leo inataga!"

"Kuku?"

"Kuku, ndiyo. Ile pale."

Kuku alipita mbele yangu, manyoya yake yanang'aa, akanitazama kwa jicho la upande. Nilitimua mbio mpaka nyumbani. Watu walikimbia nyuma yangu wakidhani nimesikia bunduki.

"Mama, kopo liko wapi?"

"Iko pale."

Nikalifungua. Chini ya kopo palikuwa panaonekana.

"Mama, umewapa watu dawa yako?"

"Walikuja kunipa pole."

"Kwa hiyo anayekuja kukupa pole unampa kidonge?"

Alikuwa amelala, mguu juu ya mto, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kwa ajili ya wageni. Akanitazama kama mimi ndiye nisiyefundwa. "Nyumba haina karanga. Haina muchele. Haina ata chembe ya chumvi. Ningewaagia na nini?"

"Ungewaaga kwa mdomo!"

"Mudomo kila muntu iko nayo."

Nikasema maneno mengi. Nikamwambia kuhusu baiskeli, nikamwambia kidonge kimoja kimoja hakimponyi mtu, kinaifundisha tu mikrobi kupigana. Nikamwambia kuku amekula mguu wake. Na yeye, Mungu amrehemu, akacheka! Alicheka mpaka kitanda kikalia. "Kama inataga, basi wataniletea yai," akasema.

Nililia kwa hasira. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia, naye akaniacha nilie mpaka nikanyamaza, ndipo akaniambia kile alichokuwa amekiweka mwisho.

"Ule jirani yetu wa kwenye mupapai alikuja hapa, mutoto wake mugongoni. Anakohoa mpaka macho inataka kutoka. Yule sikumupa moja, nilimupa kiganja kizima. Na mutoto amepona, mwanangu. Jana nimemusikia anacheka. Sasa wewe ni muganga, niambie: mguu moja ya muzee, na mutoto muzima. Kipi kizito?"

Katika shule ya uuguzi hawakutufundisha mizani hiyo. Nilibaki nalo lile swali, na kwa kweli lilinituliza, maana hasira ikipata sababu inapungua kidogo.

Walimkata mama mguu chini ya goti. Daktari mzee alifanya kazi yake na glavu zilizotoka kwenye kamba yetu, nilizipuliza mwenyewe kwa pumzi yangu, sikumruhusu mtu mwingine. Baada ya hapo ndipo hofu yenyewe ilianza, kwa kuwa kidonda kile kipya kilikuwa kikubwa na katika mji mzima nilikuwa siwezi kupata kidonge hata cha kunusa. Sikuwa na baiskeli nyingine ya kubadilisha. Nilikuwa na maji, moto, na ile sabuni nyeusi.

Na watu wakaja. Wale wale! Kila aliyekula kidonge cha mama alikuja na alichonacho. Katekista alileta kuni kichwani, mzee wa watu, na kidole chake kikiwa bado kinauma. Wengine walileta maji, wengine shuka nyeupe za zamani za kuchana. Mwanamke wa kinu alileta yai, na mama akanikonyeza. Nilisimama mlangoni na jagi. Beseni nililipiga teke likaenda uani.

"Hapa hakuna kuchovya! Nyosha mikono, mwenzako akumiminie!"

Walisitasita. Mukubwa amiminiwe na nani, na yeye amimine kwa nani? Katekista ndiye aliyevunja jambo lile. Alichukua jagi akawamiminia wanawake, mmoja mmoja, mpaka kwa msichana mdogo, kisha akanyosha mikono yake. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba ile. Vitambaa vilichemshwa, vikakauka, vikapigwa pasi ya makaa pande zote mbili mpaka vinaunguza vidole. Hakuna aliyemgusa mama bila mikono iliyolowa. Kidonda kilifunga kikavu. Siku daktari alipofungua bendeji ya mwisho aliileta puani, akanusa, hakusikia kitu, akanusa tena. Akanitazama na hakuuliza nimepata wapi dawa.

Mama aliishi na mguu mmoja miaka mingi. Alikaa mlangoni, gongo lake kando, akipokea watu, na vita vilipokwisha karanga zikarudi ndani ya nyumba na kuanza tena kutoka. Yeye alikaa kwa ajili yetu wawili, nami nikatembea kwa ajili yetu wawili, mpaka uzee ukamchukua polepole.

Mimi nikaanza vita vyangu. Hapa kwetu kila nyumba ina kopo. Ni kopo la maziwa au la kakao, liko juu ya kabati au chini ya kitanda, na ndani yake mna vidonge vilivyobaki: mtu akisikia nafuu anaacha, anaviweka kwa siku mbaya, jirani akiugua anaomba, anapewa, kama anavyoomba moto. Nilikuwa naingia nyumba za watu bila kubisha hodi. "Kopo liko wapi?" Nilichoma vidonge mbele ya wenyewe, wakinitukana. Walikuwa wakiniona mbali wanaambiana, "Yule anakuja, ficheni!" Watoto waliucheza mchezo huo: mmoja anakuwa mimi, wengine wanaficha makopo. Nilikuwa nawafukuza huku nacheka, lakini jamani, nilikuwa nachoka.

Nyumba moja tu sikuwahi kuingia kudai kopo, ile ya jirani wa kwenye mpapai. Sikuweza. Mtoto wake alikua, akawa kijana mrefu, leo anabeba watu kwa pikipiki, ana sauti kubwa na mabega mapana. Kila nikimwona anapita na vumbi lake nasema moyoni: ule pale mguu wa mama, unatembea. Nilikuwa nalisema hata nikiwa nimekasirika, hata nikitoka kuona mgonjwa aliyekufa kwa kidonda ambacho zamani kingepona. Dunia nzima ilikuwa inanizungusha, na hapo tu moyo wangu ulikuwa unakaa.

Basi sasa ni zamu yangu ya kupokea pole. Habari ya kidonda changu ilizunguka mji, na watu wakaanza kuja. Binti yangu anasimama na jagi, wote wananawa bila kuambiwa, nashukuru kwa hilo. Lakini wakishakaa, mikono inaingia mifukoni. Kumbe makopo hayajaisha! Miaka yote ile walikuwa wananificha tu! Mmoja ananiletea vidonge vinne ndani ya karatasi ya daftari, mwingine nusu ya karatasi ya dawa iliyokatwa kwa mkasi, mwingine vitu vyeupe ambavyo mwenyewe hajui ni vya nini. "Mama yako alitusaidia," wananiambia. "Na sisi leo tukusaidie." Naeleza kwamba mikrobi yangu haisikii dawa hizo, na imejifunza kutosikia kwa sababu ya makopo haya haya. Wanaitikia vizuri, "Ndiyo, mama," kisha wanaviweka mapajani mwangu. Na mimi siwezi kusimama niwafukuze.

Alasiri moja pikipiki ikasimama. Alikuwa yule kijana, amemleta mama yake, jirani yetu wa kwenye mpapai. Amezeeka naye, magoti yanamsumbua. Kijana akamshusha kwa uangalifu, akachukua jagi mwenyewe, akamnawisha mama yake, kisha akarudi barabarani kufuta pikipiki yake. Mama yake akakaa karibu yangu, akautazama mguu wangu kwa muda.

"Watakata, yaya?" akaniuliza. Ananiita yaya, dada mkubwa.

"Wataamua Jumatatu."

Akafungua fundo la kikwembe chake, pembeni, pale wanawake wetu wanapofungia vitu vya maana. Akatoa kitambaa kidogo, ndani yake kitambaa kingine. Ndani ya kile cha pili palikuwa na vidonge vya rangi mbili, kiganja kizima. Lakini rangi zilikuwa zimekufa, nyekundu imekuwa kama chai, na vingine vimegandana.

"Hizi njo za mama yako," akasema.

"Za mama yangu zipi?"

"Za wakati wa vita. Alinipa mukononi mwangu. Nimezichunga."

Nilifikiri sikusikia. "Umezichunga? Na mtoto je? Si ulimpa mtoto?"

"Mutoto?" Akatazama barabarani alipokuwa mwanawe. "Ah, yule alipona mwenyewe. Ilikuwa kikohozi tu. Nilimufukiza na majani, asubuhi akaomba bugali. Nikasema, dawa ya nguvu kama hii siiharibu, niiweke kwa siku mbaya. Tulipokimbilia kule Tunda nilikimbia nayo. Watu wameniomba, nimekatala. Siku mbaya njo hii yako. Kunywa, yaya."

Sitaki kudanganya kuhusu nilichosikia moyoni. Kilikuwa hasira, na ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya kuku. Nilitaka kusimama. Nilitaka kutembea mpaka mtoni, nivuke, niendelee kutembea upande wa pili mpaka miguu iishe. Nikaegemea kiti, nikasukuma, bendeji ikagusa chini, maumivu yakapanda mpaka kwenye paja, na neno la dokta likanijia sikioni. Nikaurudisha mguu juu ya kigoda. Hasira ilikuwepo, ila ilikosa miguu.

Kikohozi tu. Mama yangu alitoa mguu kwa kikohozi kilichokuwa kinakwisha chenyewe. Ile mizani aliyoniwekea mbele, mguu moja na mutoto muzima, upande wa pili haukuwa na kitu. Na yeye alikufa akiamini, nami nilikuwa nimekaa juu ya imani yake miaka yote hii. Barabarani kijana alikuwa anafuta taa ya pikipiki, anapiga mluzi, mzima wa afya, hana habari kwamba aliwahi kuwa mguu wa mtu.

"Kunywa," akasema tena mama yake, na akamwomba binti yangu kikombe cha maji.

Nikamtazama. Amevichunga vidonge hivi kwenye njaa, kwenye kukimbia, kwenye mvua zote zile. Wajukuu wake wamekohoa, hakuwapa. Alikuwa amevihesabu kuwa deni la nyumba yetu, na amekuja kulilipa kwa magoti mabovu. Mama yangu angekuwa hapa angevipokea kwa mikono miwili. Nikavipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, mdogo wangu. Nitavinywa baadaye, nikishakula."

Ndio uongo ule ule ambao wagonjwa wote wa Kindu wamenidanganya nao tangu nianze kazi. Akaridhika kabisa. Tukaongea habari nyingine, ya mvua, ya bei ya muchele, ya mwanawe ambaye hataki kuoa. Kisha akainuka, akashika kiuno, akaniaga.

Nikaangalia kando yangu. Binti alikuwa amekwenda uani. Karanga zilikuwa jikoni, na jikoni kwangu mimi siku hizi ni mbali kama Kasongo. Karibu na mkono wangu palikuwa na jagi na sabuni ya kunawia, mpya, nzito, imelowa juu tu. Nikaichukua, nikaikausha kwa kikwembe changu, nikamtilia mkononi.

Akainusa, akacheka kwa furaha. "Kama mama yako kabisa," akasema, na akaifunga pale pale vilipotoka vidonge.

Jumatatu dokta alifungua bendeji, akabonyeza kuzunguka kidonda, kisha akasema atakata kidole, mguu ataniachia. Nilimbusu mkono, maskini, akaona haya. Bado nimekaa, lakini ninakaa kwa ajili ya kusimama. Yule kijana anapita kila siku na pikipiki yake. Nimejaribu kuacha kulisema lile neno, kwa kuwa si kweli tena. Akipita, bado nalisema.

Vile vidonge vya wengine nilimwagiza binti avichome, na nilimsimamia kwa macho mpaka moshi ukaisha. Vya mama yangu sijavichoma. Viko ndani ya kopo la maziwa, chini ya kiti changu. Mtu akibisha hodi, nalifunika kwa kikwembe.